Uzazi wa pili bila dawa ya maumivu: uanzie na mashine, mpira au mikono?

SWALI

Habari ya kazi, sista. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Njoro, na sasa nina mimba ya wiki 33. Mtoto wa kwanza nilimzaa kwa njia ya kawaida lakini niliteseka. Niliwekewa dripu ya kuongeza uchungu, kisha nikadungwa pethidini ya kutuliza maumivu. Hiyo sindano ilinilevya, nikawa nalala na kuzinduka, na mtoto alipotoka alikuwa mlegevu, hakunyonya hadi jioni. Safari hii sitaki dawa yoyote ya maumivu. Wifi yangu aliye Uingereza amesema atanitumia kile kimashine cha TENS, cha umeme mdogo wa kupunguza maumivu, cha kubandika mgongoni. Jirani ananiambia ninunue mpira mkubwa. Mama mkwe anatoka Kakamega kuja kunisaidia na anasema atabeba miti shamba yake ya kulainisha uchungu. Mume wangu ni dereva wa trela, huenda asiwepo. Pesa si nyingi. Nichague ipi? Na ni kweli uchungu wa pili huuma kuliko wa kwanza?

JIBU

Mama, hongera, na pole kwa yale ya kwanza. Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linalokunyima usingizi.

Kwa wastani, la. Wanawake wakiulizwa wakiwa katikati ya uchungu, wanaozaa mara ya kwanza ndio husema maumivu ni makali zaidi. Ila kuna jambo moja: mwisho wa uzazi wa pili huja kwa kasi. Mwili ulioshafunguka mara moja hausiti sana, kwa hiyo dakika za mwisho, mtoto anaposhuka, zinaweza kukupiga kwa nguvu ambayo hukuizoea. Ni kali, lakini ni fupi.

Halafu kuna ile dripu. Uchungu unaojianzia wenyewe hupanda polepole, na mwili unapata muda wa kutoa kemikali zake za kutuliza. Ule wa dripu ya oksitosini huweza kuja kwa nguvu na kwa kukaribiana, na mama anayewekewa dripu hufuatiliwa kwa karibu, mara nyingi akiwa kitandani. Kwa hiyo ulichopitia ulikuwa uchungu ulioharakishwa, tena ukiwa umelala. Usiutumie kupima huu unaokuja. Na kuhusu pethidini uko sahihi: hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto, na ikitolewa saa chache kabla hajazaliwa anaweza kutoka na usingizi, apumue kwa uzito na achelewe kunyonya. Inapohitajika ina nafasi yake, lakini sababu yako ya kutoitaka ni ya haki kabisa.

Sasa uchague nini. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, linasema uchungu kamili, kuanzia mlango wa uzazi ukiwa umefunguka sentimita 5 hadi kufunguka kabisa, kwa kawaida hauzidi saa 12 kwa uzazi wa kwanza na saa 10 kwa unaofuata. Kusukuma ni ndani ya saa 3 kwa wa kwanza na saa 2 kwa unaofuata. Hiyo ni mipaka ya juu. Wengi mnaorudi mara ya pili humaliza mapema zaidi, na wapo wanaofika hospitalini wakiwa na sentimita 8. Kwa hiyo kitu chochote kinachohitaji kujazwa upepo, kuchajiwa, kubandikwa au kutafutiwa soketi huenda kikabaki ndani ya mkoba mpaka mtoto atoke. Unahitaji kitu kinachoanza kufanya kazi papo hapo, hata ukiwa nyuma ya teksi kwenye barabara ya Njoro.

Kitu hicho ni mtu. Kabla ya mashine, mpira au maji, chagua atakayekaa nawe, na kwa maelezo yako mtu huyo yuko njiani kutoka Kakamega. Kuwa na msaidizi mmoja asiyeondoka ni miongoni mwa mambo yaliyochunguzwa sana katika uzazi: wanawake wenye msaidizi wa namna hiyo huomba dawa za maumivu mara chache zaidi, uchungu wao hufupika kidogo, na wengi wao huzaa bila upasuaji. Mwongozo ule wa 2018 unapendekeza kila mama awe na msaidizi aliyemchagua mwenyewe. Sisi manesi tunakupenda, lakini tuna vitanda vingine, na usiku mmoja wenye shughuli nyingi tunaweza kukupitia tukikimbia.

Kazi ya mama mkwe haitakuwa kukaa kando akisema "pole, pole". Itakuwa ya mikono, na afundishwe sasa.

Maumivu ya mwanzo hutoka kwenye mfuko wa uzazi na mlango wake, lakini mishipa ya fahamu ya sehemu hizo huingia kwenye uti wa mgongo kuanzia chini ya kifua hadi kiunoni. Ndiyo maana tumbo linafanya kazi na mgongo ndio unaolia. Mwaka 1965 watafiti wa maumivu Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba uti wa mgongo una namna ya lango: ujumbe wa kuguswa na kukandamizwa, unaosafiri kwa mishipa minene yenye kasi, unaweza kulifunga kiasi kabla ujumbe wa maumivu haujapita. Bibi zetu waliokuwa wakikanda migongo hawakumsubiri Melzack, lakini ni vizuri kujua kwamba lile kandamizo lina sababu.

Linafanywa hivi. Simama, uinamie meza au kitanda, uzito wako uwe mikononi. Mama mkwe asimame nyuma yako atafute vile vishimo viwili vilivyo juu kidogo ya makalio. Kati yake na chini yake kuna mfupa bapa. Aweke hapo kisigino cha kiganja kimoja, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka. Uchungu unapoanza kupanda, aegemee na mwili wake. Akitumia nguvu za mikono pekee atachoka kabla hujafika sentimita 6. Asisugue, akandamize na kubaki hapo. Wewe umwelekeze kwa neno moja: chini, kulia, zaidi. Uchungu ukishuka, aachilie polepole, asibandue ghafla. Asikandamize pingili za mgongo juu ya hapo. Hazihitaji kusukumwa na mtu.

Namna ya pili ni kubana nyonga. Akiwa bado nyuma yako, aweke viganja pembeni mwa nyonga zako, kwenye nyama ya makalio na si kwenye mfupa wa kiuno, kisha abane pande zote mbili kuelekea katikati na juu kidogo. Hii huwafaa sana wenye maumivu ya mgongo mzima, hasa mtoto anapokuwa ametazama mbele. Mkao wa kupiga magoti na viganja chini nao husaidia hapo. Kama mikono yake haina nguvu, atembeze chupa ya nusu lita yenye maji, ya baridi au ya uvuguvugu, juu ya mfupa ule ule, na apake mafuta kidogo ngozi isichubuke. Fanyeni mazoezi jioni, dakika chache tu, kuanzia wiki ya 36. Siku yenyewe si siku ya kuanza kutafuta vishimo. Na ukifika mahali ukasema "usiniguse", asiudhike. Hutokea sana, na mara nyingi maana yake ni kwamba mtoto yu karibu.

Baada ya mikono, maji ya moto. Ukisoma habari za Ulaya utaona mama amelala ndani ya bafu kubwa la maji, na kweli kuingia majini hupunguza wanaoomba epidurali, ile ganzi ya kudungwa mgongoni. Lakini hospitali zetu nyingi hazina, kwa hiyo tusipoteze muda hapo. Nyumbani, uchungu ukiwa bado mwepesi, kaa kwenye kiti cha plastiki bafuni umegeukia nyuma, kifua kikiegemea mgongo wa kiti, na mama mkwe akumwagie maji ya uvuguvugu kiunoni kwa kikombe kutoka kwenye ndoo. Njoro usiku ni baridi, na baridi hukaza misuli. Baada ya hapo ujifute, vaa soksi na ujifunge leso nzito. Hospitalini, taulo ndogo iliyoloweshwa maji ya moto na kukamuliwa, ikiwekwa chini ya mgongo au kwenye kinena, inatosha. Beba termosi kwa ajili hiyo. Mama mkwe aipime taulo kwanza upande wa ndani wa mkono wake mwenyewe, kwa sababu mama aliye kwenye uchungu anaweza kuungua bila kusema. Taulo hiyo hiyo, ikishikiliwa na nesi kwenye msamba wakati unasukuma, hupunguza ile michaniko mikubwa inayofika hadi misuli ya njia ya haja kubwa. Mwombe.

Kuhusu kusimama na kutembea sitakuchosha: wanaobaki wima katika sehemu ya kwanza ya uchungu huipunguza kwa zaidi ya saa moja wakilinganishwa na wanaolala, na haja yao ya dawa za maumivu hupungua. Hiyo haina maana uzunguke wodi mpaka uanguke. Simama, inama, yumbisha nyonga, kaa, na ukichoka lala kwa ubavu. Chali ndiyo ya kukwepa.

Mpira wa jirani ni mzuri, lakini usikope pesa kuununua. Kama unao, wa sentimita 65 unamfaa mama wa kimo cha kawaida, na ukiukalia nyonga ziwe juu kidogo ya magoti. Uuweke juu ya mkeka. Kwenye sakafu ya simenti iliyong'arishwa na kulowa utateleza. Uliza kwanza kama unaruhusiwa kuingia nao leba. Kama hapana, kile kiti cha plastiki kilichogeuzwa nyuma kinakupa sehemu kubwa ya faida hiyo: nyonga wazi, tumbo limening'inia mbele, mgongo uko tayari kwa mikono.

Mashine ya wifi, ikija bure, mshukuru uipokee. Ina pedi nne: mbili hubandikwa pande zote za uti wa mgongo, usawa wa mkanda wa sidiria au chini yake kidogo, na mbili juu kidogo ya makalio. Hutoa mshtuko mdogo wa umeme unaowasha ngozi, na wazo lake ni lile lile la lango. Shida ni kwamba ikipimwa katika utafiti, haionyeshi tofauti kubwa ya maumivu, na mwongozo wa Uingereza yenyewe wa mwaka 2014 ulisema wahudumu wasiitoe kwa mama ambaye uchungu umeshakolea. Hata hivyo wengi walioitumia husema wangeitumia tena, na ninawaelewa: kubonyeza kitufe mwenyewe kila uchungu unapokuja ni kitu cha kufanya. Itumie nyumbani, mwanzoni kabisa. Isitumike kabla ya wiki ya 37, isiwe karibu na maji, na isitumiwe na mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Mwenye kifafa amuulize daktari kwanza. Ukiniuliza kama uinunue kwa pesa yako, nasema hapana. Weka hiyo pesa kwenye nauli.

Kupumua ni bure, na ndicho kitu ambacho wengi hukifanya vibaya. Ule mtindo wa kuhema harakaharaka, ulioenea kutoka Ufaransa miaka ya 1950 kupitia daktari Fernand Lamaze, ukizidi hukufanya uone kizunguzungu na vidole vianze kufa ganzi. Wewe vuta kwa pua bila juhudi, kisha toa kwa mdomo pole, refu kuliko ulivyovuta, taya limelegea, mabega yameshuka. Uchungu mmoja kwa kawaida ni kama dakika moja, yaani pumzi sita hivi za polepole. Ukijua kwamba ya tatu ndiyo kilele, utaanza kusubiri ya nne. Ukitaka kutoa sauti, itoe, lakini iwe nzito ya chini. Sauti kali ya juu hukaza koo, na mwili wote hukaza pamoja nalo.

Kuna sindano moja nitakayokutajia kwa sababu haina dawa ndani: maji safi yaliyotakaswa, matone machache yakidungwa chini ya ngozi katika sehemu nne kuzunguka vile vishimo vya mgongoni. Huchoma vikali kwa nusu dakika hivi, kisha maumivu ya mgongo huweza kupungua kwa saa moja au mbili. Inataka mtu aliyefunzwa, na si kila leba inayo. Uliza tu. Marashi, sindano za Kichina (akupancha) na hipnosisi, ile ya kutuliza akili kwa maneno, naviacha. Kama unavipenda havina ubaya mkubwa, lakini kwa bajeti yako visikuhangaishe.

Sasa miti shamba. Hapa sitazunguka. Umesema hutaki dawa, na miti shamba ni dawa. Iwe ni manyasi ya kunywa, mizizi ya kuchemsha au mafuta ya nyonyo, mimea kadhaa inayotumika kwa kazi hii hukaza mfuko wa uzazi, na hakuna anayejua kikombe hicho kina nguvu kiasi gani. Mfuko ulioshazaa huitikia haraka. Ukikazwa kupita kiasi bila kupumzika, mtoto hukosa hewa na huweza kujisaidia ndani ya maji; kwa ubaya zaidi, mfuko wenyewe huweza kupasuka. Na wewe ukishakunywa nyumbani, kisha ukawekewa dripu hospitalini na mtu asiyejua, umewekewa dawa mbili, moja juu ya nyingine. Ikitokea umekunywa chochote, mwambie nesi mara unapofika. Hatutakupigia kelele, na akitokea wa kukupigia kelele, mwambie hivyo hivyo.

Namna ya kumwambia mama mkwe ni muhimu, maana hujamwalika aje kukataliwa. Usimwambie dawa zake ni mbaya. Mwambie, "Mama, nesi amesema mgongo wangu unahitaji mikono ya mtu mzima aliyezaa, na mimi sina mwingine." Mwonyeshe vile vishimo. Mpe na kazi ya uji, kwa kuwa mama asiye na tatizo anaruhusiwa kula na kunywa wakati wa uchungu, na njaa humaliza nguvu. Wazee wengi wakipewa kazi ya maana huacha kibuyu mkobani wenyewe.

Na mwambie pia kuhusu kile kipindi cha kati ya sentimita 8 na 10. Utatetemeka, huenda utapike, na utasema "siwezi tena, nipeni hiyo sindano". Kwenye uzazi wa pili kipindi hicho kinaweza kupita kwa dakika chache, na sindano ya pethidini ikitolewa hapo ndipo humkuta mtoto akitoka. Mkubaliane mapema: ukisema hivyo, aombe upimwe kwanza umefika wapi, kisha uamue. Ukiamua kuitaka baada ya kujua, ni mwili wako na ni haki yako. Hakuna daftari la kuandikia walioshindwa.

Saa ya kuondoka nyumbani ina uzito kuliko mbinu zote nilizotaja. Mara ya kwanza huenda uliambiwa usubiri mpaka uchungu ukaribiane sana. Safari hii usisubiri. Ukishakuwa wa mpangilio, unarudi na unaongezeka, hata kama ni kila dakika kumi, anza safari, hasa kama unateremka hadi Nakuru mjini, mwendo wa kilomita ishirini hivi, na zaidi ikiwa ni usiku au mvua. Weka namba za madereva wawili, si mmoja. Boda si ya mama aliye kwenye uchungu. Na usisubiri mpangilio wowote ukiona damu inatoka, maji yametoka yakiwa na rangi ya kijani au kahawia, mtoto amepunguza kucheza, kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu, au uchungu umeanza kabla ya wiki ya 37. Ondoka hapo hapo.

Usije pia ukakataa vitu ambavyo si dawa ya uchungu. Mara mtoto akitoka utadungwa oksitosini pajani, yuniti 10. Hiyo ni ya kuzuia kutokwa na damu nyingi, ikubali. Ukishonwa, kubali ganzi. Na baada ya siku hiyo, ukinyonyesha, tumbo litakaza kwa maumivu kuliko ulivyozoea kwa mtoto wa kwanza. Hilo ndilo kweli huongezeka kwa kila uzazi. Lala kifudifudi juu ya mto, kojoa kabla ya kunyonyesha, na ukitaka paracetamol au ibuprofen, zote zinaruhusiwa kwa anayenyonyesha, ilimradi huna ugonjwa unaokukataza. Ahadi yako ya kutotumia dawa ilikuwa ya leba.

Ukienda kliniki wiki ijayo, beba kitabu chako na umuulize nesi haya: je, msaidizi anaruhusiwa leba usiku na mchana, na akiwa mama mkwe kuna shida? Je, nitaruhusiwa kusimama na kusukuma nikiwa kwa ubavu au magotini? Kama nitahitaji dripu tena, nitaweza kukaa kitini badala ya kulala? Na kwa nini mara ya kwanza niliwekewa dripu: uchungu ulikuwa umesimama, au chupa ilipasuka mapema, au presha ilipanda? Hilo la mwisho usiondoke bila jibu. Kama ilikuwa presha, mpango wote huu unabadilika, na ni bora ubadilike mezani kwa daktari ukiwa wiki ya 34 kuliko saa nane usiku.